Nne Niliyoigeuza Tatu

Sigusi tena namba ya simu ya mtu. Ukinipa simu yako nikuandikie namba, nitaiandika vile ulivyoitamka, hata ukiruka sifuri, hata ukiweka sifuri mbili pale panapotakiwa moja, kisha nitakurudishia simu yako bila neno. Wenzangu wa ofisini wanadhani nimekuwa mvivu. Walinizoea nikiwa mtu wa kuwasumbua.

Nafanya kazi katika ofisi ndogo hapa Kolwezi, moja ya zile zinazotengeneza makaratasi ya forodha ya malori. Malori yanatoka na shaba na kobalti, yanarudi na chokaa, asidi na vipuri. Kila lori lina dereva, kila dereva ana simu mbili au tatu, na namba zote hizo zinakaa katika orodha ninayoishika mimi. Usidhani ni kazi ya mchezo. Watu wetu kila mmoja anaandika namba anavyojisikia. Huyu anaanza na sifuri. Yule anaandika 243, indikatifu, yaani namba ya nchi ya Congo, bila alama ya kujumlisha mbele yake. Mwingine anaweka sifuri mbili halafu 243. Na wako wale waliokuwa wakinipandisha hasira kuliko wote, wanaoandika +243 na bado wanaiacha sifuri palepale nyuma yake, kama mtu aliyevaa koti juu ya koti. Namba ya namna hiyo haiendi popote. Lori likikwama mpakani Kasumbalesa na mkubwa akataka kusema na dereva papo hapo, anayetukanwa ni mimi.

Basi nilijitengenezea kanuni. Toa sifuri, weka +243, hesabu tarakimu zinazobaki, lazima ziwe tisa. Za nje nilizijua pia, kwa sababu malori yetu yote wakati ule yalipita njia ya Zambia: 260 ya Zambia yenyewe, 255 ya Tanzania, 27 ya Afrika Kusini, na 86 ya Wachina wenye mali. Upande wa Dilolo, ule wa kuelekea Angola, ofisi yetu haikuwa na kazi nao hata kidogo. Nasema hivyo si kwa kujitetea. Au labda ni kujitetea kabisa. Mtu anaweza kujitetea mwaka mzima mbele ya ukuta, na ukuta usimwambie lolote.

Nilikuwa na kiburi, niseme wazi. Nilitengeneza namba za bosi, za mke wa bosi, za mchungaji wetu, za mama anayetuuzia mikate. Nilikuwa nikiona simu ya mtu imejaa namba za ovyo, mkono unawasha. Nilifurahi nilipomaliza orodha na kuiona imesimama yote sawasawa, +243, +243, +243, toka juu mpaka chini. Sijui furaha ile ilitoka wapi. Labda ni kwa sababu katika mji huu hakuna kitu kingine kilichonyooka.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba, aliyeletwa utotoni kutoka Kasai na mzazi wake aliyekuja kufanya kazi ya mgodi, na yeye mwenyewe akaumalizia mgodi nguvu zake, alikuwa amekwisha kufariki. Tulibaki mama, kaka yangu mkubwa, na mimi. Nyumba yetu ilikuwa Kasulo. Anayejua Kasulo anajua: watu waligundua kwamba kobalti iko chini ya nyumba zao, wakaanza kuchimba ndani ya uwanja, ndani ya jiko, ndani ya chumba cha kulala. Jirani yetu alichimba chini ya sebule yake mpaka akafika chini ya sebule yetu. Mchana tulikuwa tukikaa mezani na kusikia nyundo chini ya miguu. Kaka aliambiwa na wenzake ashuke nao, akakataa. Alisema hawezi kula kwa kupasua ardhi chini ya kitanda cha mamake. Akaenda Dilolo kufanya biashara ya samaki mkavu na sabuni.

Mama alimwapisha jambo moja tu kabla hajaondoka: asivuke Angola. Mjomba wake mama alikwenda kule zamani kutafuta maisha, akarudishwa na wenzake wengi kwa miguu, bila viatu, na hakupona sawasawa mpaka kufa. "Dilolo ni Congo," mama alisema. "Kule ingine, apana." Kaka akaapa. Kila Jumapili, tukitoka kanisani, alipiga simu, na kila Jumapili alianza na maneno yaleyale: "Mama, mi niko Dilolo, niko muzima."

Siku moja simu yake iliibwa. Akapotea majuma mawili, kisha akapiga kwa namba mpya, kwa sababu namba ya mama alikuwa nayo kichwani. Ya mama tu. Yangu hakuijua, wala mimi sikujisumbua kumpa. Nilikuwa nikimsalimia dakika mbili katika simu ya mama, ikatosha. Rafiki ya mama wa kanisani ndiye aliyeiandika ile namba mpya katika kile kisimu cha vitufe. Aliandika "A Mwana." Ile A aliiweka makusudi, ili mtoto awe wa kwanza katika orodha, maana mama hakusoma majina. Alisoma mahali. Alijua wa kwanza ni mwanawe, wa pili ni mimi, wa tatu ni mama wa kanisani, na waliobaki alikuwa akiwabahatisha.

Halafu nyufa za nyumba yetu zikawa za kupitisha mkono, na avenue yetu yote ikaambiwa ihame. Tulihamia upande mwingine wa mji, mbali, mahali ambapo hakuna aliyetujua. Katika kuhama huko, puce ya mama, yaani ile kadi ya ndani ya simu, ikakatwa. Haikuwa imeandikishwa kwa jina lake, na kadi yake ya uchaguzi, ambayo kwetu ndiyo kitambulisho, ilikuwa imepotea katikati ya mizigo. Nikanunua puce nyingine, nikaiandikisha kwa jina langu. Mama akawa na namba mpya. Akaniambia jambo la kwanza ni kumpa mwanawe namba hiyo kabla Jumapili haijafika.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Mama alikaa kwenye kiti kidogo cha mbao akichambua sombe, majani ya muhogo, mimi nimekaa juu ya mzigo wa nguo ambao hatujaufungua, nahamisha majina kutoka puce ya zamani kwenda simuni. Na kwa kuwa nilikuwa mimi, sikuweza kuhamisha tu. Nikaanza kutengeneza. Nilitoa sifuri, niliweka +243, nilifuta jina lililoandikwa mara mbili. Nikafika kwa kaka. Kwanza nikaitoa ile A.

"Ile A njo ilikuwa inamuweka mbele," mama akasema. "Sasa nitamupata wapi?"

"Utafinya mbili, Mama. Ukamate ile mbili mpaka telefone ianze kulia. Ni mepesi kuliko A."

Kisha nikaiona namba yenyewe. Ilianza na +244.

"Mama, huyu mutu mwenye kukuandikia hakujua kuhesabu. Aliweka 244."

"Njo mubaya?"

"Congo ni 243. Dilolo ni Congo. Kidole kiliteleza tu."

Mama aliacha kuchambua. "Lakini tulikuwa tunasikilizana na yeye."

"Ni yeye alikuwa anakuita. We haukumuita hata siku moja."

Ilikuwa kweli. Hakuwahi kumpigia, yeye ndiye alikuwa akipiga. Mama aliwaza kidogo, mikono imesimama juu ya majani, kisha akasema, "Sawa. We njo ulisoma."

Nikafuta nne, nikaweka tatu. Nikahesabu tarakimu zilizofuata: tisa. Nikaridhika. Puce ya zamani ilikuwa imekufa, nikaivunja katikati, maana hivyo ndivyo tunavyofanya ili watu wasiokote wakatutia matatani.

Tukapiga. Alipokea mwanaume aliyesema Kilingala, sauti ya mtu mwenye chakula kinywani. Nikamwambia natafuta kaka yangu wa Dilolo. Akasema hajui Dilolo, yuko Kinshasa. Tukapiga tena Jumamosi, akajibu kwa upole. Jumapili tukapiga mara nne, na mara ya nne akanitukania ukoo. Baadaye hakupokea tena. Mimi nikasema kaka amepoteza puce yake, imepewa mtu mwingine, hayo hutokea. "Ataita," nikasema.

"Ataita wapi?" mama akauliza.

Sikuwa nimefikiri hilo. Namba aliyokuwa nayo kichwani ilikuwa vipande viwili katika takataka.

Tulituma maneno. Dereva mmoja aliyekuwa akienda Dilolo alituulizia sokoni, akarudi akasema Wakasai wauza samaki wako wengi lakini huyo wetu hakuna anayemjua. Wa pili alisema hivyohivyo. Wa tatu alisema amesikia habari za mtu wa namna hiyo aliyepata mke na hataki tena kusikia habari za Kolwezi. Huyu wa tatu nadhani alitaka tu kutupa kitu, asirudi mikono mitupu. Nami nilikipokea. Hasira ilinishika tangu siku ile, na nilikuwa naona raha nayo, kwa sababu hasira ni rahisi kuibeba kuliko kutojua.

Mama hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliifunga simu katika pindo la kitenge, kiunoni, na ikawa hapo jikoni, sokoni, kanisani, hata akienda chooni. Namba yoyote asiyoijua ilikuwa ni mwanawe. Mnajua zile simu za kampuni, sauti ya mashine inayokueleza ubonyeze moja upate muziki. Mama alizipokea zote. "Mwanangu?" alikuwa akisema. "Mwanangu, ni we?" Na sauti inaendelea kumweleza habari za muziki, naye ananyamaza kwa heshima mpaka iishe, asije akamkata mtoto katikati ya maneno.

Niliona hayo hayo mwaka wa kwanza na wa pili. Mwaka wa tatu nikashindwa kuvumilia. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, ameiweka simu juu ya meza mbele ya sahani yake na hali chakula. Nikamwambia, "Mama, mutoto yako alikusahau. Acha sasa. Alikusahau, na mi sikukusahau, na mi njo nakupikia." Aliivuta sahani akala, kwa kunitii, tonge baada ya tonge, na mimi nikamwangalia akila. Siku hiyohiyo nikabadilisha jina la kaka katika simu yangu mwenyewe, ambamo nilikuwa nimeinakili ile namba. Nikaandika "Aliyetusahau."

Nikikumbuka maneno yale natamani ulimi wangu ungekauka. Sina namna nyingine ya kulisema.

Miguu ya mama, iliyokuwa ikimuuma tangu Kasulo, ilianza kuvimba wakati wa mvua. Baadaye pumzi. Hospitalini walimlaza kitanda cha karibu na dirisha, na simu ikalala chini ya mto. Siku mbili za mwisho hakuwa akisema sana. Mara moja aliniita nisogee, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza jambo la aibu: "Numero yangu ya mupya, iko nayo?"

"Iko nayo, Mama," nikamwambia. "Nilimutumia."

Alifumba macho. Sijui kama alifurahi au kama alielewa kwamba, basi, mwanawe anayo namba na hapigi. Nilisema uongo ule kwa kumhurumia, na mpaka leo sijui nilimpa nini. Akafariki Jumatano, saa moja asubuhi, wakati wauguzi wanabadilishana zamu.

Kilioni watu waliuliza mtoto mkubwa yuko wapi, maana ndiye wa kutupa udongo wa kwanza. Mchungaji aliuliza kwa upole, mbele ya watu wote waliokaa kwenye viti vya plastiki. Nikajibu kwa sauti ambayo wa nyuma pia waliisikia: "Alitukataa." Nikatupa udongo mimi.

Baada ya miezi miwili, ofisi yetu ilipata kazi ya kwanza ya upande wa Dilolo. Njia ile ilikuwa imeamka, mali ilianza kupita kwenda Angola, na bosi hakutaka kuachwa nyuma. Asubuhi moja akaingia msafirishaji, mtu mzima mwenye kofia ya sala, wa zile familia zilizotoka mashariki zikaijaza barabara yetu malori. Alikuwa mpole, aliniuliza habari za nyumbani kabla ya kuuliza habari za karatasi. Akanipa kipande cha karatasi chenye namba ya dereva wake. Niliangalia namba, nikachukua kalamu, na bila hata kufikiri nikaikata nne ya mwisho ya 244 nikaandika tatu juu yake.

"Mama, apana," akasema, akiniita vile mwanamke wa ofisini anavyoitwa kwa heshima. "Unaniharibia numero."

"Ni kosa, tata. Congo ni 243."

"Congo, ndiyo. Lakini ule dereva anakaa ng'ambo, puce yake ni ya Angola. Congo ni mia mbili makumi ine na tatu, Angola ni mia mbili makumi ine na ine." Akacheka kidogo. "Tuko majirani mpaka mu numero. Hesabu ingine: tisa, sawa na zetu. Kama haujue, hauwezi kuona."

Nilimwomba anisubiri. Alidhani nimekwenda kutafuta karatasi nyingine safi.

Nilikwenda nyuma ya ofisi, kwenye uwanja wa kuegesha magari. Nilitoa simu yangu, nikafungua "Aliyetusahau," nikaweka kidole juu ya tatu. Kazi yenyewe haikuchukua hata nusu dakika. Nikafuta tatu, nikaandika nne. Miaka mitatu yote ilikuwa imekaa mle, katika tarakimu moja, ndani ya mfuko wangu, na mimi ndiye mtu katika mji mzima niliyelipwa kwa kujua mambo hayo. Nilitaka isilie. Nakiri kwamba nilimwomba Mungu namba iwe imekufa.

Ililia mara tatu.

"Alô?"

Ilikuwa sauti yake, nzito zaidi kidogo.

"Yaya," nikasema, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. "Ni mi. Mudogo yako."

Nyuma yake kulikuwa na redio na mtoto analia.

"Mudogo yangu alikufa," akasema. "We ni nani?"

"Yaya, ni mi."

"Kama ni we, uniambie. Baba alikuwa anatia nini mu chai?"

"Chumvi," nikasema. "Chumvi, na Mama alikuwa anamuchekelea."

Nilimsikia akikaa chini, au akianguka, sijui. Kisha akaanza kusema haraka kama mtu anayeogopa simu itakatika. Alisema hakuwa Dilolo. Alikuwa amevuka zamani, alikuwa Luau, ng'ambo tu ya mpaka, kwa sababu biashara ilikuwa huko. "Nilimudanganya Mama. Ni mi nilimudanganya." Alisema ile Jumapili baada ya sisi kuhama alipiga, akasikia sauti ya mashine, akapiga kila siku, miezi na miezi. Siku moja simu ikaita. Akapokea mwanamke. Kaka akamwambia anataka kusema na mama, mama mwenye namba hii. Yule mwanamke akajibu: "Ule mama haiko tena."

Kwetu neno hilo lina kazi nyingi. Mtu aliyehama, haiko. Mtu aliyetoka kununua mkaa, haiko. Na mtu akizikwa, tukitaka kusema bila kutaja kifo, tunasema haiko tena. Yule mwanamke alikuwa amepewa namba ya zamani ya mama na kampuni, na nadhani alikuwa amechoka na simu za watu. Kaka alimuuliza tangu lini, mwanamke akakata simu.

Akamtuma dereva aende Kasulo. Dereva akakuta uzio, avenue haina watu, na pale ilipokuwa nyumba yetu ni shimo ambalo mwisho wake hauonekani. Akarudi akamweleza alichokiona. Kaka akanyoa nywele. Akakaa kilio siku tisa katika nyumba ya watu wasiomjua mama yake, na majirani Waangola wakampikia. Mwaka uliofuata akazaa mtoto wa kike, akampa jina la mama. Puce hakuibadilisha, akasema. Hakujua kwa nini, aliiweka tu.

"Basi hamukuanguka mu shimo?" akauliza.

"Apana."

"Hakuna mutu alianguka?"

"Hakuna, yaya. Tulihama kabla nyumba haiyaanguka."

Nilitaka kuendelea. Nilikuwa na maneno yote tayari, ya nne na tatu, ya puce niliyoivunja, ya sahani ya Jumapili, na neno la mwisho ambalo sikujua niliweke wapi. Lakini aliacha kunisikiliza. Nilimsikia akiita mtu ndani ya nyumba, kwa Kireno nisichokijua, akipiga kelele, na katika kelele zile neno mama likirudi na kurudi. Mwanamke akapiga kigelegele. Mtoto akanyamaza kwa mshangao. Kaka akarudi kwenye simu, analia na kucheka kwa pamoja, mtu mzima mwenye ndevu.

"Nipatie Mama," akasema. "Nipatie Mama, nimuombe musamaha. Mupatie telefone."

"Yaya," nikasema. "Mama haiko."

"Iko ku soko?" Alikuwa bado anacheka. "Na ile miguu yake? Basi usimutumie mutu, asikimbie bure. Nitaita tena. Atarudia saa ngapi?"